Mahudhurio ya Rahel

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Mwalimu Loth alikuwa anaita majina katika kitengo cha elimu maalumu wakati kivuli cha mtoto kilipoingia mlangoni bila mtoto. Kilikuwa na kimo cha mtoto wa miaka tisa. Kilipita chini ya dawati la mbele, kikaizunguka ndoo ya kunawia mikono, kikaenda kukaa kwenye dawati la dirishani lililokuwa tupu, pale jua la asubuhi linapopiga. Kitengo kilikuwa na wanafunzi saba. Wote waligeuka wakakitazama, kisha msichana mmoja kiziwi akamwambia mwenzake kwa mikono kwamba kuna mgeni, na mwenzake akasogeza begi ili mgeni apate nafasi.

Loth alimaliza majina yake saba, akatoka nje penye mtandao, akampigia simu Madam Coleta.

"Madam, kuna mtoto ameongezeka, ila ni kivuli tu. Namwandika kwa wino gani?"

"Usimwandike kwanza," alisema Coleta. "Mfundishe. Nakuja."

Coleta alikuwa Afisa Elimu Maalumu wa wilaya. Cheo kinasikika kizuri, lakini maana yake ilikuwa meza moja iliyoegemezwa kwa tofali, pikipiki moja ya halmashauri, kata zaidi ya ishirini za nyanda za juu za Ufipa, na daftari gumu lenye jalada jekundu. Meza na pikipiki vingeibwa asingelia sana. Daftari alilala nalo. Humo aliwaandika watoto wenye ulemavu ambao wazazi wao hawakuwapeleka shule. Jina likishaingia humo, mtendaji wa kata alipata barua, mzazi akaitwa na kupewa siku, na siku hiyo ikifika mtoto hajaonekana, mgambo walikwenda nyumbani na mlango ukafunguliwa. Kwa miaka sita daftari lilikuwa limewatoa watoto kumi na mmoja kwenye vyumba vya nyuma. Wenzake ofisini walimwita Madam Barua, naye hakukasirika, kwa sababu alijua barua yake inafungua makomeo.

Alasiri ya siku hiyo alikifuata kile kivuli kilipokuwa kinarudi nyumbani. Kumfuata mtoto ni kazi rahisi; mtoto anasimama kurusha mawe, anachungulia kisima, anagombana na mbuzi wa watu. Kivuli hakisimami. Kilikatiza mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, kikashuka bondeni na kupanda tena kuelekea upande wa Msanzi, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo kilivyorefuka, mpaka miguu ikawa mbali na kichwa kwa hatua ishirini. Coleta alikifuata kwa gia ya pili, upepo wa baridi ukimpiga kifuani, akiwa mwangalifu asikikanyage.

Kiliishia kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma pembeni mwa kitongoji. Uani mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa anapura ulezi kwa fimbo. Kivuli kilipita juu ya ulezi pasipo kusogeza punje hata moja, kikaingia ndani na kupenya chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Mlango huo ulikuwa na komeo kwa nje.

"Shikamoo, mama," alisema yule mwanamke bila kuacha kupura.

"Marahaba. Mtoto yuko humo ndani?"

"Hapa hakuna mtoto."

"Kivuli chake kimeingia sasa hivi."

Mwanamke alishusha fimbo. "Hicho ndiyo kinatoka, mama. Sasa mimi nifanyeje? Nimeziba na gunia chini ya mlango, kinapita. Nimekisema, hakisikii. Kikiona jua tu, kimeondoka."

Jina lake lilikuwa Agnesi. Alisimulia akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, macho njiani. Mume wake, Limbu, alikuwa mbebaji mizigo mpakani Kasesya, kwenye malori yanayosubiri kuvuka. Mtoto wao Rahel alipotimiza miaka miwili bila kuweza kukaa, Limbu alishuka Muze kwa wazazi wake, na walipomuuliza habari za mtoto akawajibu kwamba amefariki. Alilisema mara moja tu, kwa haraka, ili wasiendelee kuuliza. Lakini neno likishatoka ndiyo limetoka. Muze walilia, wakanyoa, wakakaa matanga siku tatu, na tangu hapo kila mwezi wa kumi baba mkwe aliomba misa ya kumwombea marehemu mjukuu wake. Agnesi mwenyewe alihudhuria misa zote saba.

"Nikimtoa nje nitakuwa nimemfufua maiti," alisema. "Wataniuliza nimemfufua kwa dawa gani. Na huku kwetu unakujua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Coleta, aliyekuwa amezaa wawili, alimwonea Agnesi huruma ya kweli. Huruma hiyo haikumzuia kuvuta komeo.

Chumba hakikuwa na dirisha. Rahel alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, amefunikwa kitenge safi, nywele zimesukwa vizuri, maana Agnesi hakuwa mzazi wa kumwacha mtoto mchafu. Miguu yake ilikuwa myembamba na imejikunja magotini. Kivuli kilikuwa kimejilaza kando yake, kimechoka na safari. Rahel alisema shikamoo polepole, akikokota kila silabi. Kisha akataja irabu zote tano, zile alizofundisha Loth asubuhi hiyo kilomita tisa kutoka pale. Coleta alimgeuza akaona vidonda viwili vya kulala mgongoni. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitalini alishamweleza kwamba miguu ya namna hiyo hunyooshwa mtoto angali mdogo, kwa kukandwa na kusimamishwa kila siku; akishavuka miaka kumi, inabaki jinsi ilivyo. Rahel angetimiza miaka kumi mwezi wa kumi.

Coleta alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akafungua daftari jekundu, akaandika jina la Rahel. Lilikuwa la arobaini na mbili.

"Umlete mwenyewe ifikapo Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba," alimwambia Agnesi. "Ukimleta, hakuna mgambo. Usipomleta, watakuja."

Agnesi alirudi kupura ulezi.

Kufikia mwisho wa mwezi wa sita vivuli vilikuwa kumi na saba. Vilitoka vitongoji vya jirani, vingine mbali zaidi, na kimoja kilitoka Sumbawanga mjini, kwenye nyumba ya ghorofa ya tajiri wa vipuri. Hicho kilifika saa tatu kila siku kwa sababu ya umbali. Shule zilipofungwa, vivuli havikufunga. Vilikuja vikakaa nje kwenye ukuta wa darasa, vimepangana kwa kimo, mpaka Loth akaacha likizo yake akaja kufungua mlango. Kijijini watu walivizoea upesi. Wenye baiskeli walipunguza mwendo vikivuka barabara, na mama mmoja muuza maandazi alilalamika kwamba vinapita juu ya sinia lake bila hodi.

Coleta alivifuata vyote, kimoja kila alasiri, na kila kimoja kilimpeleka kwenye mlango wenye komeo kwa nje. Majina yote kumi na saba yaliingia kwenye daftari jekundu. Barua zikaenda kwa watendaji.

Tatizo lilianza na barua nyingine, iliyotoka juu.

Nyuma ya kitengo kulikuwa na bweni jipya ambalo wananchi walilijenga kwa mikono yao. Vitanda ishirini na vinne vilikuwa vimeshafika na vimesimama ndani na nailoni zake. Kiti mwendo kimoja cha mtoto kilikuwa stoo, na Coleta alikwishakipima kwa macho: kilikuwa saizi ya Rahel kabisa. Barua ilisema matroni, mpishi na mtaalamu wa mazoezi wataajiriwa iwapo mhakiki atawakuta wanafunzi ishirini na wanne katika daftari la mahudhurio, wakiwa wamehudhuria. Wakipungua hata mmoja, jengo litatumika kuhifadhi mbolea ya ruzuku kabla ya msimu wa kilimo. Mhakiki angefika Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nane.

Coleta alihesabu siku zake kama mtu anayehesabu hatua za kufika hospitali. Wanafunzi walikuwa saba. Siku aliyopewa Agnesi ilikuwa inaisha kabla ya uhakiki, kwa hiyo Rahel angekuwa wa nane. Wazazi wengine walikuwa na siku zinazoishia mwezi wa tisa. Nane si ishirini na nne.

Bwana Eustace, Afisa Elimu na bosi wake, alimwita ofisini siku ya Jumanne.

"Madam, watoto unao," alisema. "Mimi nimewaona kwa macho yangu wamekaa wametulia. Shida yako wewe unataka na miili."

"Miili ndiyo yenye vidonda, mkuu."

"Sawa. Sasa hiyo miili utailaza wapi bila bweni? Pata bweni kwanza. Miili itafuata vivuli vyake, itakwenda wapi?"

Neno hilo lilimwingia Coleta. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la kanuni. Jina la mtoto haliwezi kukaa katika madaftari mawili. Likiingia la mahudhurio, sharti likatwe katika lile la wasioandikishwa, kwa rula na wino mwekundu, na sahihi ya afisa pembeni. Coleta aliitunga kanuni hiyo mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini, baada ya kukuta mtoto mmoja amehesabiwa mara tatu. Aliipenda kwa sababu ilikuwa safi.

Aliketi kwenye meza yake yenye tofali kuanzia saa nane mchana hadi wafagiaji walipokuja. Alikata majina kumi na sita bila kusita. Kwenye la Rahel mkono ulisimama. Ijumaa aliyopewa Agnesi ilikuwa siku tatu mbele. Asubuhi hiyo Agnesi angemleta mtoto mwenyewe, au mgambo wangeuvuta mlango. Siku tatu. Alijiambia kwamba mtoto akitolewa Ijumaa hiyo bila bweni angerudishwa chumba kilekile Jumatatu, na maneno hayo yalikuwa ya kweli. Alijiambia vilevile kwamba huku ni kuchelewesha tu, wiki mbili, tatu. Akaweka rula. Mstari ulitoka umenyooka vizuri.

Ijumaa ikapita kama Ijumaa yoyote. Mgambo walikwenda mnadani.

Bi. Jane, mhakiki kutoka makao makuu, alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vya vumbi na uso usiocheka. Alishaambiwa mambo ya Sumbawanga kabla hajapanda basi, akawa amejiandaa asishangae, naye alitimiza. Kazi yake ilikuwa kusaka wanafunzi hewa, yaani majina yasiyo na watoto, na alikwisha kuwasaka katika mikoa saba. Alisimama mbele ya kitengo, akawatazama saba, akavitazama kumi na saba vilivyokaa sakafuni na madawatini kwenye mwanga wa madirisha.

"Hawa si hewa hawa?" aliuliza.

"Hewa haionekani," alijibu Bwana Eustace. "Hawa unawaona."

Bi. Jane aliliandika jibu hilo. Kisha akaanza kuita majina. Wale saba waliitika kwa sauti au kwa mkono. Vivuli viliinua mikono, na kila mkono ulipoinuka Bi. Jane alitia alama ya vema. Coleta alisimama nyuma ya darasa, rozari mfukoni, akihesabu pamoja naye. Kumi na tatu. Kumi na tano. Kumi na nane.

Kwenye la kumi na tisa wingu lilikuja.

Lilitoka upande wa bonde la Rukwa, jeupe, kubwa, bila haraka. Mwanga ulififia madirishani, na vivuli kumi na saba vikaondoka mahali vilipokuwa. Darasa likabaki na wanafunzi saba na madawati mengi. Loth aliendelea kuandika ubaoni, chaki ikilia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Bi. Jane alishika kalamu juu ya karatasi.

"Wamekwenda wapi?"

"Wanarudi sasa hivi," alisema Coleta.

Bi. Jane alifungua mwongozo wa uhakiki, akatafuta ukurasa. Mwongozo uliruhusu kumsubiri mwanafunzi aliyekwenda chooni kwa muda usiozidi dakika kumi na tano. Akatazama saa yake. Bwana Eustace alijipangusa shingo kwa leso, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Dakika ya tano ilipita, na ya tisa. Nje upepo ulikuwa unavuma karibu na ardhi, lakini huko juu wingu lilikuwa limetulia kama ng'ombe aliyelala barabarani. Coleta aliona nafsi yake inaomba kitu ambacho hakuna mama aliyewahi kukiomba, kwamba kivuli kirudi. Dakika ya kumi na mbili Bi. Jane alifunika kalamu. Ya kumi na tatu akaanza kukunja karatasi zake.

Dakika ya kumi na nne jua lilitoka. Vivuli vilikuwa mahali pake, kila kimoja kwenye dawati lake. Bi. Jane alifunua kalamu, akaita jina la kumi na tisa, la ishirini, akafika la mwisho. Hakuhitaji kuliita. Kivuli cha dirishani kilikuwa kimeinua mkono tayari, mkono mrefu uliofika hadi kwenye kiatu cha mhakiki.

"Rahel," alisema Bi. Jane, na kutia vema. "Ishirini na nne. Safi."

Coleta alitoka nje akaenda nyuma ya bweni, akalia kidogo, machozi ya kushukuru. Kisha alichungulia vitanda dirishani, akachagua cha Rahel, kile cha karibu na mlango.

Majibu yalikuja mwezi wa tisa. Yaliipongeza wilaya kwa mahudhurio ya asilimia tisini na nane, ya juu kuliko kitengo chochote cha mkoa; zile mbili zilizopungua zilikuwa mawingu. Yaliendelea kusema kwamba, kwa kuwa wanafunzi kumi na saba kati ya ishirini na wanne hawalali, hawali na hawahitaji kuogeshwa wala kukandwa, na kwa kuwa saba waliobaki wanatoka nyumbani bila shida, bweni, matroni, mpishi na mtaalamu wa mazoezi havihitajiki. Mbolea ilifika wiki hiyohiyo. Vitanda vilisukumwa ukutani na nailoni zake, mifuko ikapangwa juu yake. Kiti mwendo kilipelekwa shule nyingine, ambako mtoto wa kukikalia alikuwepo.

Bwana Eustace alimpa Coleta mkono mbele ya watumishi wote. "Umeongoza mkoa, Madam," alisema, na alikuwa anafurahi kweli. Maafisa wa wilaya nyingine walikuja na madaftari kujifunza namna ya kupata wanafunzi wa aina hiyo. Mzazi wa mmoja wa wale saba aliuliza kwa adabu kama na wa kwake anaweza kubaki nyumbani, akatuma kivuli.

Coleta alichukua daftari jekundu, akaenda kwa Yusto, mtendaji wa kata. Alimkuta anakula ugali wa ulezi. Alikaribishwa, akakataa.

"Nataka uniitie Agnesi," alisema.

Yusto alifunua daftari kwa mkono wa kushoto. "Huyu si ulimkata mwenyewe, Madam? Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Nimekosea. Nataka kumrudisha."

"Kwa kosa gani sasa?" Yusto hakuwa mtu mbaya, na aliuliza akitaka kujua. "Hajaandikishwa? Ameandikishwa. Ni mtoro? Nionyeshe siku aliyokosa. Nimwite mama wa watu nimwambie nini, ampeleke mtoto shuleni aliko?"

Zilikuwepo njia tatu za kumtoa mtoto kwenye daftari la mahudhurio: ahame, afariki, au akose shule siku tisini mfululizo. Rahel hakuwa amehama. Kufariki alishafariki, lakini Muze, na huko hawakuwa na cheti. Ikabaki ya tatu. Coleta alimwomba Loth amwandike Rahel kuwa hayupo.

"Madam, yupo," alisema Loth. Alikuwa kijana mpole, na macho yake yalimwelekea yule wa dirishani. "Niandike hayupo, na yeye ananitazama?"

Kesho yake Coleta alifika shuleni kabla ya kengele. Alisimama mlangoni mwa kitengo, mikono ameitandaza, kushoto na kulia, akashika miimo. Kivuli kilikuja kutoka bondeni kikiwa mbio. Kilimfikia, kikasimama, jambo ambalo hakuwahi kukiona kikilifanya.

"Rudi nyumbani," alikiambia. "Usije tena mpaka uje naye. Nakuomba, mwanangu."

Kivuli kilingoja kwa adabu amalize kusema. Kisha kikapita katikati ya miguu yake, kikaenda kukaa dirishani, kikainua mkono, kwa sababu Loth alikuwa ameanza kuita majina. Siku hiyo walikuwa wanajifunza kujumlisha. Coleta aliketi kwenye ngazi ya mlango, akajiona mjinga kuliko watu wote wa Ufipa, na hakuwepo wa kumwambia hapana.

Mwezi wa kumi misa ya marehemu Rahel ilisomwa Muze kama kawaida. Agnesi alihudhuria, amejifunga kanga nyeusi. Wiki hiyo Rahel alitimiza miaka kumi.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, halmashauri ilitoa vyeti kwa wanafunzi wenye mahudhurio bora. Cheti cha Rahel kilikuwa na mpaka wa dhahabu na mhuri, na aliyetakiwa kukipeleka alikuwa Afisa Elimu Maalumu. Alikwenda nacho alasiri, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa gia ya pili, ingawa safari hii hakuwa anafuata kitu.

Agnesi alimpokea kwa shangwe. Hofu ilikuwa imemtoka usoni, alinenepa kidogo. Alinawa mikono kabla ya kukishika cheti. Alilisoma jina mara mbili, akifuatisha kwa kidole.

"Mungu akubariki, mama. Mtoto anasoma, na hakuna aliyemwona. Kivuli hakina sura, hata mama mkwe alikipita njiani asikijue."

Coleta aliomba kumwona Rahel. Ndani alimulika kwa simu. Mwanga ulimpiga mtoto, ukapita nyuma yake, na ukuta ukabaki mweupe. Vidonda vilikuwa vinne sasa. Coleta alishika goti moja akajaribu kulinyoosha taratibu, kama alivyoonyeshwa na yule mtaalamu. Halikwenda popote.

"Shikamoo," alisema Rahel.

"Marahaba, mwanangu."

"Leo nimekaa wapi?"

"Dirishani," alisema Coleta. "Pale pako."

"Jua lipo?"

"Lipo."

Rahel alifumba macho, akatulia, akilisikiliza jibu hilo.

Nje Agnesi alikuwa ametafuta msumari na jiwe la kugongea. Shida ilikuwa mahali. Sebuleni wageni wa Muze wangelisoma jina, na chumbani kwa mtoto hamna mwanga. Akaamua kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kwa upande wa nje, juu kidogo ya komeo, mahali ambapo mgeni hafiki.

"Nishikie hapa, mama, kisipinde," alisema.

Coleta alishika cheti kwa mikono miwili. Alikuwa na mengi ya kusema na alikwishayasema yote, kwa barua, kwa mdomo na kwa kusimama mlangoni, na kilichokuwa kimebaki na nguvu ya kisheria katika nyumba ile kilikuwa sahihi yake mwenyewe. Agnesi aligonga mara nne. Ubao ulitikisika, na ndani Rahel akauliza nani anabisha hodi. Wakati huohuo kivuli kilifika kutoka shuleni, kikapita kati yao wawili na kupenya chini ya mlango, na baada ya muda mfupi sauti ya mtoto ikaanza, polepole, tatu kujumlisha nne ni saba, nne kujumlisha nne ni nane.

"Umemsikia?" alisema Agnesi, machozi ya furaha yakimlengalenga. Kisha akasukuma komeo, kwa mkono uliozoea, maana upande wa Rukwa mawingu yalishaanza kupanda na alitaka kuanua mahindi kabla ya mvua.